Kamera ya Rimoti na Shangazi wa Kambini

Kaka yangu ana mgongo mpana. Nasema hivi kwa upendo, na nasema mapema, kwa sababu mgongo ule ndio uliotuingiza kwenye habari ya kamera za rimoti. Miaka ile tulikuwa na studio ndogo ya picha na video pale Biharamulo mjini, nyuma ya duka la nguo la baba. Kaka alipiga picha, mimi nilikata na kuunganisha, na kila Jumamosi tulipakia vyombo vyetu kwenye gari la mjomba tukaenda kwenye sherehe za watu. Sisi ni Waislamu wa mjini. Babu yetu alitoka pwani kuja kuuza khanga huku, akasahau kurudi. Lakini wateja wetu wengi walikuwa wakulima Wakristo, Wahangaza, Wasubi, na familia zenye asili ya Burundi na Rwanda, na sherehe zao nilizipenda kuliko zetu. Zetu zina pilau. Zao zina hotuba, na mimi kwa hotuba nzuri naweza kulala na njaa.

Siku ya mahari, huko kwao, pande mbili zinakaa zikitazamana. Wa mke huku, wa mume kule, na katikati unawekwa mtungi wa pombe ya ndizi wenye mirija. Kila upande una msemaji wake. Huyu anajifanya hajui wageni wamefuata nini, yule anajifanya wamepotea njia na wanaomba maji tu ya kunywa, na wanaweza kupigana maneno hivyo mpaka jua linapinda huku watu wakishika mbavu. Ila kuna jambo moja lisilo na utani. Wasemaji wakiwa wanaongea, hakuna anayekatiza kati yao na mtungi. Hata kuku anafukuzwa.

Kaka alilijua hilo vizuri. Lakini siku moja tukiwa Kaniha alimwona mzee mmoja anafuta chozi, akaitamani ile picha, akasogea, akasogea tena, na kabla sijamvuta shati alikuwa amesimama katikati kabisa, mgongo wake umemziba babu wa bibi harusi kama mlango. Msemaji alinyamaza, akakaa chini. Tulitozwa kreti la soda, kaka akapiga magoti kuomba radhi, na kwa kuwa kamera ilikuwa bado inarekodi, video ya sherehe ile ina kipande kirefu cha nyasi. Mimi nilicheka njia nzima ya kurudi. Kaka alinuna mpaka mjini, akasema anaacha kazi anaenda kulima.

Nilikuwa nimeshaona kwenye simu kamera za namna nyingine, zile ambazo hazihitaji mtu nyuma yake. Unaifunga juu ya nguzo, wewe unakaa pembeni na kijiti cha kuongozea, na yenyewe inageuza shingo kulia na kushoto, inainama, inainuka, inavuta karibu. Nilimwonyesha kaka. Akasema hicho ni kichwa cha bundi. Nikamwambia afadhali bundi, bundi hana mgongo. Pesa tulikuwa tumeshaiweka kwa ajili ya kamera mpya ya begani, na hapo tukaanza kubishana, na tungeendelea kubishana mpaka leo kama asingekuja mwalimu mmoja wa kike.

Alikuwa anafundisha shule ya msingi huko Runazi, kwao ni Nyantakara. Alikuja studio na mchumba wake, akamwacha mchumba nje na pikipiki, akaketi kwenye kiti cha kupigia picha za pasipoti, akatueleza shida yake. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Aliyemlea ni shangazi, dada wa baba yake. Baadaye shangazi akaolewa ng'ambo, Burundi, na vurugu zilipoanza kule akakimbia pamoja na wengine, akavuka, akapelekwa kambini upande wa Kigoma. Miaka ile mabasi ya wakimbizi yalikuwa yanapita kwenye barabara ya Nyakahura, magodoro juu, watoto madirishani, nasi tulizoea kuyapungia mikono. Ndani ya basi mojawapo alikuwemo shangazi yake, na mpwa wake hakujua.

Sasa alijua aliko, na umbali wenyewe ni wa kwenda na basi. Lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na shangazi aliomba kibali cha kuja harusini akakosa. Akaomba tena, akakosa tena.

Na kwa mila yao, mwalimu akatufafanulia, shangazi ndiye anayemtoa bibi harusi. Anakuwa naye nyuma ya nyumba, anamfunga vitenge, anamkagua toka kichwani mpaka miguuni, halafu anamtanguliza na yeye anatembea nyuma yake mpaka mbele ya wageni. Hahutubii, hasalimii mtu. Anamfikisha, basi. Baba yake alikuwa amemtafutia binamu mmoja wa kushika nafasi hiyo. Mwalimu alikataa.

"Dada, sitatoka kama hanioni," aliniambia. "Wakwe wataniita mpaka wachoke warudi kwao Ngara na ng'ombe wao."

Alisema huku anatabasamu, lakini mkoba wake alikuwa ameukunja magotini kama nguo ya kufua, nami nikamwamini. Alikuwa ameshafikiria simu ya video, lakini aliogopa. Kwenye harusi ya rafiki yake ndugu mmoja alipewa simu awaonyeshe walio mbali, na walio mbali waliona kwapa lake na mti. Mimi nina ugonjwa wa kuahidi. Nikamwambia shangazi yake ataona kila hatua, kuanzia ile ya kwanza, hata unyayo wa kiatu ataona. Kaka alinikanyaga chini ya meza. Kesho yake tulikuwa kwenye basi la Mwanza.

Duka lenyewe lilikuwa la mama mmoja mwenye miwani ya kichwani, ambaye hata mara moja sikumwona akiishusha machoni. Alikuwa na kamera za rimoti zilizotolewa kwenye ukumbi wa mikutano wa hoteli, zimetumika lakini nzima, za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa na zumu ndefu ajabu. Ukiisimamisha dukani unasoma kibao cha kinyozi ng'ambo ya barabara, pamoja na bei ya kunyoa ndevu. Pia unaweza kuikaririsha sehemu: ukibonyeza moja inatazama mlango, ukibonyeza mbili inatazama kaunta, haikosei. Ya pili zumu yake ilikuwa fupi, lakini ilikuwa na jambo ambalo lilinifanya nishike kichwa. Ukibonyeza kitufe, inamchagua mtu na kumfuata yenyewe. Huongozi kitu. Anapokwenda inakwenda.

Kaka alichagua kwa akili. Aliziinamia zote mbili akatega sikio kama mganga, maana alitaka kujua ipi mota yake inalia zaidi, asije akawafanya wazee wageuke. Akauliza waya unafika wapi, na alipoambiwa waya mmoja unabeba umeme na picha pamoja, akafurahi kimoyomoyo, nilimwona. Akauliza jua likiwaka juu ya bati picha inaungua au haiungui. Mimi nilichagua kwa miguu yake. Nilimwambia hebu tembea. Akatembea, kamera ikamfuata. Akazunguka nyuma ya rafu, kamera ikamsubiri upande wa pili, na alipochomoza ikamdaka. Alipojaribu kuikwepa kwa kuchuchumaa, ikachuchumaa naye. Mteja aliyekuja kununua chaja aliiweka chaja chini na yeye akaanza kutembea. Nilicheka nikakaa juu ya boksi la televisheni, mama wa duka akaniomba niinuke.

Ndipo kaka akauliza swali la maana kuliko yote: wakipishana watu wawili, inamfuata nani? Mama wa duka akafikiri kidogo, akasema inamfuata yule itakayempenda. Kaka akasema basi hiyo si kamera, ni kijana wa stendi. Yeye anataka zumu na kukaririsha, mambo yenye adabu. Mimi nikamwambia nimeahidi hatua ya kwanza, na hatua ya kwanza haipatikani kwa kukaririsha, inapatikana kwa kufuata. Tulibishana mbele ya yule mama mpaka akatuletea chai. Mwisho tukachukua moja moja. Yake angeiongoza kwa kijiti. Yangu ingejiongoza, na mimi ningekaa kwenye kile kisanduku cha kuchagulia picha, niamue ipi iende hewani. Kwenye kivuko cha kurudi wasafiri wengine walipakata watoto na kuku. Mimi nilipakata kamera, na nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Nyumbani ile yangu tuliifanyia mazoezi juu ya kaunta ya duka. Ilimfuata baba akipima kitambaa, ikamfuata akienda kunawa, ikamfuata akirudi. Siku ya kwanza baba aliisalimia. Siku ya pili akasema ama inafunikwa khanga wakati wa chakula, ama yeye anahamia kwa mjomba.

Siku ya mahari ilipofika tulikwenda Nyantakara asubuhi mapema. Tulisimamisha nguzo mbili za mikaratusi, ndefu kupita bati. Ya kaka ilitazama wasemaji na mtungi. Yangu niliiweka kwenye pembe ya nyumba, ili iuone mlango wa pembeni anakotokea bibi harusi na uwanja wote wa mbele. Jenereta tuliipeleka ng'ambo ya shamba la muhogo isisumbue watu. Baba wa bibi harusi alikuja kutukagua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akainua macho juu ya nguzo akaniuliza kama hicho kidude kinamwona sasa hivi. Nikaigeuza kamera ikamtazama. Akafunga vifungo vya koti, akasimama wima kama askari, kisha akaninong'oneza kwamba kisimwangalie wakati anakunywa.

Shangazi tulimpata kwenye kompyuta kabla ya wageni kuingia. Alikuwa amekaa ndani ya kibanda cha jirani yake, kwa simu ya jirani yake, na nyuma yake zilijazana nyuso za watu ambao hawakumjua bibi harusi lakini walikuwa wamevaa vizuri. Alikuwa mwembamba, ana shingo ndefu, na hakutabasamu. Tulikuwa tumepanga kwamba mwisho wa sherehe atatoa baraka, kwa hiyo sauti yake tuliiunganisha kwenye spika kubwa za uwanjani. Aliniuliza kwa Kiswahili cha taratibu kama mtandao utadumu. Nikaahidi tena. Kaka akatazama mbinguni.

Nyuma ya nyumba mwalimu alikuwa hajabadilisha msimamo. Binamu alitumwa kunieleza: hajaamini bado, na hatoki.

Wasemaji walianza, na nikuambie, siku ile walikuwa moto. Msemaji wa Ngara alisema ng'ombe wao wamepotea na kwato zao zinaishia kwenye boma hili. Msemaji wa hapa akamwambia boma hili halifugi vya wizi, linafuga mabinti. Kaka alikuwa anavuta na kuachia kwa kile kijiti, mara jino la dhahabu, mara mkono unaotetemeka kwenye fimbo, na hakuna aliyegeuka wala kukatizwa. Mimi nilikuwa narukaruka kwenye kiti changu. Kambini nyuso zilikuwa zinacheka zote kasoro moja.

Halafu wakaomba bibi harusi aletwe.

Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria mahari huku anajua kinachofuata. Haletwi yeye. Kwanza analetwa mwingine, amefunikwa ushungi, na wageni wanatakiwa wamkatae kwa maneno matamu, arudishwe. Nimerekodi sherehe hizo mpaka nimezizoea, nalijua hilo kama njia ya kwenda sokoni. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na ahadi moja tu, hatua ya kwanza, na mlango wa pembeni ulipofunguka na ushungi ukatokeza, kidole changu kikabonyeza chenyewe kile kitufe cha kufuata.

Alikuwa binti wa jirani, mrefu, amevaa viatu vya kiume. Msemaji wa Ngara alimtazama akasema huyu wanamheshimu sana, ila wao walikuja kutafuta mwendo wa twiga na huyu anatembea kama anawahi zamu ya mashine ya kusaga. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Binti akageuka, akarudi alikotoka, na kamera yangu ikageuza shingo ikamfuata. Ikampitisha nje ya mlango, ikamzungusha pembe ya nyumba, ikaenda naye nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna mpiga picha aliyewahi kukanyaga. Nilibonyeza kuizima. Nikabonyeza tena kwa haraka, kumbe ya pili inaiwasha. Nikakimbilia picha ya kaka, na picha ya kaka ilikuwa pua. Alikuwa ameachia kijiti kwa kucheka, zumu imeingia mpaka mwisho, na skrini nzima ilikuwa tundu la pua ya msemaji wa Ngara. Nilikuwa na vitu viwili vya kumwonyesha shangazi, pua au uani, na nilikuwa nacheka kiasi kwamba machozi yalinizuia kuona vitufe.

Nilipoyafuta, binti wa viatu vya kiume alikuwa ameingia jikoni. Kamera ilibaki inapepesa, haina mtu. Kisha ikapata mwingine.

Alikuwa amesimama ukutani karibu na masufuria, vitenge vizuri, ushungi umerudishwa nyuma, mikono ameikunja kifuani. Wanawake walikuwa wamemzunguka wakimbembeleza. Binamu alimshika kiwiko, mwalimu akakitoa. Hakuwa analia. Alikuwa amekauka uso, na mimi kicheko kilinikatika papo hapo, nikaona aibu ya kuchungulia. Nikapeleka mkono kukata picha.

"Nani amekufunga hicho kitenge?"

Sauti ilitoka kwenye spika zote mbili, ikaenda mpaka kwenye muhogo. Uwanja mzima uligeukia spika. Hata msemaji wa Ngara alifunga mdomo. Ilikuwa sauti ya shangazi, na haikuwa sauti ya kutoa baraka, ilikuwa sauti ya mtu aliyekuta kazi imeharibiwa.

Kwenye skrini mwalimu aliinua kichwa. Akatazama juu ya bati, akatazama migomba, akaipata nguzo.

Shangazi akaendelea, sasa kwa Kirundi, ambacho nakielewa kwa sababu ya kukulia na Wahangaza, ambao lugha yao inakaribiana nacho. Alisema fundo limekaa mbele mno, lishushwe upande wa kushoto. Binamu akalifungua, akalifunga upya. Shangazi akasema bado. Akalishusha. Akasema hapo. Akaagiza ushungi ufunike paji la uso na usifunike masikio, kwa sababu huyu mtoto akizibwa masikio anaogopa tangu utotoni. Mwalimu akacheka na kulia kwa pamoja, akafunika mdomo. Alikuwa anaitazama kamera kama vile anasubiri neno, na mimi, kwa kuwa sikujua la kufanya, nilibonyeza vitufe nikaiinamisha kidogo na kuiinua, ikaitikia kwa kichwa.

"Mwana wanje," shangazi akasema, yaani mwanangu. "Tangulia. Niko nyuma yako."

Akatangulia. Sikugusa kitu chochote. Kamera ilimtoa ukutani, ikampitisha kwenye masufuria, ikazunguka naye pembe ya nyumba, polepole kama alivyokwenda yeye, mgongo wake katikati ya picha na kisogo chake na lile fundo upande wa kushoto. Uwanjani wageni walikuwa wamesimama ili waone, na watu warefu wa Ngara walianza kuziba. Baba yake akainuka kwenye kiti.

"Kaeni," alisema. "Dada yangu anapita."

Walikaa wote. Wenye kofia walizivua. Bibi harusi alipita katikati yao akiwa peke yake kwa macho ya mtu asiyejua, akafika mbele, akapiga magoti kwa wakwe, akakalishwa mkekani. Nilimtazama shangazi kwenye kona ya skrini. Alikuwa amejisogeza mbele mpaka uso wake umejaa wote. Halafu picha ikaganda, duara likaanza kuzunguka, na mtandao ukaondoka na kila kitu.

Tuliwasha, tukazima, kaka akapanda juu ya gari na simu mkononi. Haukurudi. Ng'ombe waliingia bila shangazi, pombe ikanywewa kwa mirija bila shangazi, pande mbili zikashikana mikono bila yeye, na ile baraka tuliyoipanga haikutolewa. Nilichanganyikiwa kwa furaha na kwa hasira pamoja, nikawa nagombana na mnara wa simu kana kwamba ni mtu. Mwalimu alinitumia ujumbe kupitia binamu: alifika mpaka wapi?

Watu walipokuwa wanakula ndipo simu ya kawaida ikaunganika. Nikaanza kuomba radhi kabla hata ya salamu. Nilimwambia tumemkosesha ng'ombe, tumemkosesha kupeana mikono, tumemkosesha zamu yake ya kuongea. Aliniacha nimalize yote.

"Hayo ni ya wanaume," alisema. "Mimi nilikuwa na kazi moja. Nimemfikisha."

 Upande ule nikamsikia anapenga kamasi.

"Haya," akasema, "mpe simu kaka yangu. Nataka kujua kama hao ng'ombe wamenona."